Matobolwa ya Sista Auleria

Viazi havikauki Temeke. Gaspar aliambiwa hivyo na kila mwenye macho, kuanzia Chausiku wa nyumba ya pili mpaka muuza maji, lakini Mnyamwezi huyu ukimkataza jambo mara moja umemchochea, ukimkataza mara mbili umemwapisha. Alinunua viazi vitamu sokoni, akavichemsha, akavimenya, akavikata vipande, akavianika juu ya bati la kibanda chake cha jiko. Haya, unyevu wa pwani huu, nani asiyeujua? Hata chumvi ndani ya kopo hulowa. Siku ya tatu vipande vyote vimeshika ukungu. Akavitupa kwa kuku, akaenda kununua vingine.

Alikuwa anatengeneza matobolwa. Kwao Tabora matobolwa ni chakula cha heshima: kiazi kilichochemshwa kikakaushwa juani mpaka kikawa kigumu, mtu akakitafuna njiani pamoja na karanga, utamu wake ukakaa mdomoni nusu saa nzima. Watu wa mjini hapa wamezoea wali wa nazi na hawaijui raha hiyo, Mungu awasamehe. Lakini Gaspar hakuwa anajitengenezea mwenyewe. Alikuwa anamtengenezea binti yake, na binti yake alikuwa Urundi.

Auleria ndiye mtoto pekee aliyemkulia. Wengine walikufa wachanga, mmoja baada ya mwingine. Huyu akakua, akasoma kwa masista wa misheni, na siku moja akapiga magoti mbele ya baba na mama yake akasema anataka kuwa mtawa. Mama alilia. Gaspar hakulia, alipiga moyo konde akasema, kama Mungu anamtaka, sie nani tumnyime? Baadaye ndipo alipojua gharama ya maneno yale. Sista mchanga alifunzwa, akaapa, akavushwa ziwa kwenda Urundi kwa Wabelgiji, kuuguza wagonjwa juu ya mlima mmoja wenye baridi. Masista wa siku zile walikuwa hawarudi nyumbani, hata kwa msiba. Mama yake alipofariki, Auleria alisali huko huko. Gaspar akafunga nyumba, akaja Dar es Salaam, akajifunza udresa wakati wa vita vya Hitla, na sasa alikuwa akifunga vidonda na kupiga sindano katika zahanati ndogo ya misheni hapa Temeke.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye maumivu yake. Sura ya mwanawe aliikumbuka. Sauti yake ya kuimba kanisani aliikumbuka pia, tena angeweza kukuonyesha pale ilipopanda. Kicheko ndicho kilichompotea. Alijua tu kwamba Auleria alikuwaga mtoto wa kucheka, kwamba mama yake alimkemea kwa kucheka mezani, lakini kicheko chenyewe, mlio wake, hakikumjia tena. Alikitafuta akiwa anachemsha mabomba ya sindano, alikitafuta akiwa kwenye misa. Kuna siku aliona haya kwa jinsi alivyokitaka.

Basi, Jumapili moja baada ya misa, Daktari Keller akasimama mbele ya watu. Huyu alikuwa daktari wa misheni, mgeni bado, Kiswahili chake kimenyooka mno kwa sababu alikitoa kitabuni. Alisema misheni inapanga safari ya tiba kwenda Urundi. Buba imewala watu wa milimani huko, watoto hawatembei kwa vidonda, na masista wameomba msaada wa dawa na watu wa kupiga sindano. Wataondoka kiangazi: garimoshi mpaka Kigoma, meli mpaka Usumbura, kisha lori mpaka misheni. Akaitaja misheni kwa jina. Gaspar alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Ilikuwa misheni ya Auleria.

Hakungoja Jumatatu. Alimfuata Daktari hapo hapo nje ya kanisa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Daktari."

"Milele amina, Gaspar."

"Mimi mama yangu alikuwa Mha. Kiha na Kirundi ni ndugu. Nikisema, watanielewa. Na sindano unajua mwenyewe ninavyopiga."

Daktari alicheka, akasema jina la Gaspar lilikuwa la kwanza kichwani mwake. Na tangu siku ile Gaspar akawa mtu mwingine. Alipanga dawa katika masanduku, akafunga chupa kwa majani makavu zisigongane, akakata bendeji, akawafundisha wenzake salamu za Kirundi. Jioni alirudi nyumbani kugeuza viazi vyake juu ya bati. Auleria alipokuwa mdogo, ukitaka kumnyamazisha, ulimpa tobolwa.

Kikohozi? Naam, kilikuwapo. Kilimjia wakati wa masika, na masika yalipokwisha chenyewe hakikuondoka. Gaspar alikiita kikohozi cha vumbi. Alikunywa chai ya tangawizi, akapaka mafuta kifuani, akaongeza tundu kwenye mkanda wa suruali. Asubuhi moja aliona wekundu kwenye leso. Aliifua leso ile haraka kabla jua halijapanda, akaianika nyuma ya nyumba, akaenda kazini kuwauliza wengine kama wanakohoa.

Nyumba ya pili alikaa Mwishehe, Mzaramo, kuli wa bandarini, mume wa Chausiku. Ukuta wa udongo tu uliwatenganisha. Na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara, Mwishehe alikuwa na ruhusa ya kila kitu. Alimtukana Gaspar asubuhi badala ya salamu. Aliingia jikoni kwake akafunua sufuria. Mke wa Gaspar alipofanyiwa misa ya kumbukumbu, Mwishehe, Mwislamu mzima, alikuja kavaa gauni akalala mlangoni mwa nyumba, akakataa kuondoka mpaka apewe jogoo, na waombolezaji wote wakacheka na Gaspar akacheka huku machozi yakimtoka. Ndiyo kazi ya mtani. Humkasirikii, ukimkasirikia umeharibu.

Na matobolwa je? Yalipoanza kukauka vizuri mwishowe, nani aliyeyapandia kwenye bati kila siku na kujichotea? Gaspar alipiga kelele, Mwishehe akatafuna.

"Bwana we, hivi ni viazi au kokoto? Huyo sista wako atavunjika meno, Wabelgiji wakushtaki!"

Wiki moja kabla ya safari, Mwishehe alikwenda zahanati kubadilishwa bendeji ya mguu. Benchi limejaa akina mama na watoto. Daktari na Gaspar wako barazani wanapigilia misumari sanduku la mwisho. Mwishehe akapaza sauti:

"Bwana Daktari! Nasikia mnampeleka Mnyamwezi huyu akatibu watu?"

"Ndiyo," alisema Daktari. "Yeye ni msaidizi mzuri sana."

"Msaidizi! Mtawamaliza viumbe wa Mungu. Huyu mwenyewe kifua kimeoza! Anakohoa mpaka kuku wangu wamesusa kutaga. Anatema damu huyu! Mchimbieni kaburi kwanza, ndipo mmkatie tiketi!"

Benchi zima likaangua kicheko. Daktari hakucheka. Aliweka nyundo chini, akamtazama Gaspar.

"Gaspar. Hii ni kweli?"

Kabla Gaspar hajafumbua mdomo, akina mama walikwisha kuinuka kumtetea. Wa kwanza ni Bi Mwanakombo, mwenye mjukuu mgongoni.

"Daktari, usimsikilize! Huyo mtani wake!"

"Mtani ni nani? Adui?"

"Adui wapi! Mtani! Akifa huyu, yule ndiye atakayevaa nguo zake akamwigiza msibani. Anasema lolote, halina maana."

"Kwa hiyo anasema uongo?"

"Si uongo, ni utani!" wakajibu wengi kwa pamoja, wakicheka zaidi.

Masikini Daktari, akaiva uso. Alikuwa ameambiwa na mapadri wakongwe aheshimu desturi za watu, na sasa akaona amekosa mbele ya wote. Akamshika Gaspar mkono. "Unisamehe. Bado ninajifunza."

"Si kitu, Bwana Daktari," alisema Gaspar. "Ni utani tu."

Aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe. Aliinama kuokota msumari, na alipoinuka aliona kwamba katika watu wote wa benchi, Mwishehe peke yake ndiye asiyecheka.

Alasiri Gaspar alimkuta Mwishehe kakaa barazani, matobolwa machache mapajani.

"Lete viazi vya mwanangu."

"Vya mtani."

"Lete, nimesema! Ulitaka kunikosesha safari."

"Ndiyo," alisema Mwishehe.

Gaspar alikuwa amejiandaa kwa kejeli, hakujiandaa kwa jibu hilo. Akakaa.

"Mie nimesema kweli mbele ya kadamnasi," Mwishehe aliendelea, "na watu wamecheka. Nifanyeje tena? Mdomo wangu huu nikipiga kelele za moto, watu hawatoki ndani. Lakini wewe unajua, na mie najua, na Chausiku anajua. Ukuta wenyewe huu, Gaspar. Tunakusikia."

"Ni vumbi."

"Wewe ndiye dresa. Mie kuli."

Kwa Bi Mwanakombo mtu alikuwa anatwanga.

"Miaka yote hii, Mwishehe," alisema Gaspar. "Nataka kumwona anaingia mlangoni, basi. Hata mkono asinipe. Acheke mara moja tu nisikie. Nimekisahau kicheko cha mwanangu, unajua maana yake? Halafu nikifa njiani wakati wa kurudi, sawa, wanizike porini huko, sitadai kitu."

"Na wale watoto wa buba utakaowainamia?"

Gaspar aliinua macho akatazama viazi juu ya bati.

"Na yeye mwenyewe? Utamvushia ziwa zawadi gani?"

Hapo ndipo Gaspar alipoharibu. Alisimama, akasema Mwishehe ana nyumba imejaa watoto wanaomrukia akitoka kazini, atajua nini yeye. Alikasirika kweli, hasira ya kweli, kwa mtani wake. Akaingia ndani akafunga mlango. Na Mwishehe akayarudisha matobolwa juu ya bati, moja moja, jambo ambalo Chausiku aliwasimulia jirani zake kwa mshangao.

Tangu siku hiyo Mwishehe hakutania tena. Wakikutana njiani alisema, "Habari za asubuhi," akapita. Habari za asubuhi! Gaspar alizichukia salamu hizo kuliko tusi lolote aliloangushiwa miaka yote. Aligeuza viazi vyake, na hakuna aliyeiba hata kimoja. Alikohoa akiwa amebana mto mdomoni, akijua kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mtu aliye macho.

Siku ya safari lori la misheni liliegeshwa mbele ya zahanati tangu alfajiri. Padri alibariki masanduku. Watu walijaa kuaga, na kila mmoja alingoja vituko vya Mwishehe, maana Mnyamwezi hawezi kuondoka mjini bila Mzaramo kumlalia njiani na kudai fidia. Wengine walikuja kwa ajili hiyo hasa.

Mwishehe akaja. Amevaa kanzu safi na kofia. Alimwendea Gaspar akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Safari njema, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu akufikishe."

Gaspar alimtazama, akangoja.

"Nitukane basi," alisema kwa sauti ya chini.

"Leo sina," alisema Mwishehe, akarudi nyuma akasimama na wengine.

Gaspar alipanda. Kifurushi cha matobolwa alikiweka mapajani, amekifunga kwa kitambaa cha marehemu mkewe. Dereva akazungusha chuma cha kuwashia, injini ikakohoa, ikashika. Watu wakapunga mikono. Bi Mwanakombo akaja mbio akamwinua mjukuu wake juu, karibu kabisa na uso wa Gaspar, "Mwage babu, mwage babu dresa!" Na mtoto akanyoosha mikono, akacheka.

Gaspar aligeuza uso upande wa pili na kuziba mdomo.

Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokuwa umekwenda wiki zote zile kila mtoto alipoletwa karibu yake. Lakini safari hii alijiona. Alikaa vile, kiganja mdomoni, mtoto anacheka pembeni ya sikio lake, na hakuweza kumgeukia. Akaelewa kwamba Auleria naye angekuja mbio hivi hivi, na yeye angemgeuzia kisogo hivi hivi. Au asingegeuza, na hilo lingekuwa baya zaidi.

Alishuka. Alishuka polepole, mguu mmoja, kisha wa pili, akamwendea Daktari aliyekuwa amekaa mbele na dereva.

"Bwana Daktari," alisema, "haukuwa utani."

Injini ilizimwa. Daktari alimpeleka ndani, akamsikiliza kifua, mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Kisha akavua vile vya masikioni. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa akamwekea Gaspar mkono begani, na hapo Gaspar akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka wa nje wakasikia. Alikililia kicheko ambacho sasa hatakisikia.

Akaitwa Apolinari, dresa mwenzake, Mha wa Kasulu, aliyekuwa amekuja kuaga tu na mswaki mdomoni. Apolinari aliogopa meli kuliko shetani na mkewe alikuwa karibu kujifungua, lakini alipoona uso wa Gaspar alikwenda kufunga mzigo wake bila ubishi. Gaspar akasimama mbali naye hatua kadhaa, akaweka kifurushi juu ya boneti ya lori.

"Mpe. Umwambie baba anamsalimu. Na akicheka, Apolinari, msikilize vizuri."

Lori likaondoka. Kifurushi chenyewe kilikuwa chepesi, maana mtani alikuwa ameshakula zaidi ya nusu kabla ya ugomvi wao.

Wakati huo ilikuwa imeingia sindano mpya ya kifua kikuu, na daktari aliyekaimu nafasi ya Keller akampatia. Kila siku alichomwa, yeye aliyezoea kuchoma. Alikaa nyumbani, mwisho wa baraza, kwenye mkeka wake, kikombe chake na sahani yake. Chausiku alimwekea uji kwenye kigoda akarudi nyuma. Na Mwishehe? Jioni ile ile ya sindano ya kwanza alitoka nje, akavuta kiti akakiweka upande wa pili wa baraza, akasafisha koo.

"Mnyamwezi mjinga wewe. Umepigwa sindano ya matakoni kama mtoto, na bado hujafa. Unatuchelewesha, jogoo tumeshamnunua."

Gaspar alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa hajajua ni kiasi gani alikuwa ameyakosa matusi yale.

Apolinari alirudi mvua za vuli zikianza. Alikwenda kwanza kumwona mtoto wake mchanga, kisha akaja kwa Gaspar na nguo zile zile za safari. Gaspar alikuwa amenenepa kidogo. Mwishehe alikuwa kwenye kiti chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulimwona?"

"Nilimwona. Mzima. Wagonjwa wanampenda, wanamwita mama. Nilimpa kifurushi, akakijua kitambaa, akakibusu. Akafungua. Akahesabu kwa macho, akaniuliza, mbona vichache, baba hakuwaga mtu wa kunyima? Nikamwambia, Sista, vilikuwa vingi, vimeliwa na mtani wake, Mzaramo mmoja wa Temeke."

Mwishehe akatazama miguu yake.

"Ndipo akacheka," alisema Apolinari. "Alicheka sana. Halafu akafuta macho akasema, nilidhani baba yuko peke yake."

Mvua ilianza kudondoka juu ya bati la jiko. Gaspar alisogea mbele kwenye mkeka wake, karibu kadiri alivyoruhusiwa.

"Alichekaje?"

"Alicheka tu, mzee. Vizuri."

"Hebu nionyeshe."

Apolinari, baba wa watoto wanne, alitazama huku na huku kwa haya. Kisha akacheka kwa sauti nyembamba, akiipandisha mwishoni. Mwishehe akaguna kwamba hata fisi wa Pugu anacheka vizuri kuliko hivyo.

Gaspar alikuwa amefumba macho.

"Bado," alisema. "Hebu tena."